Picha Niliyokataa Kukupiga

Akinyi nyara, binti yangu,

Mlango wa studio umeufunga kwa nguvu mpaka kibao cha "Tumefungua" kimeanguka sakafuni. Nimekiokota, nikakirudisha mahali pake, halafu nikakigeuza upande wa pili, kwa sababu siwezi kumhudumia mtu yeyote sasa hivi. Mvua ya alasiri imeanza hapa Nyamache kama kawaida yake, stima imepotea, na mimi nimekalia stuli ya wateja nikimwandikia barua mtu ambaye nitakula naye jioni. Usinicheke. Unanijua. Maneno yangu hunifikia yakiwa yamechelewa, na ukisimama mbele yangu umenikunjia uso hayaji kabisa.

Kesho unaenda chuo kikuu. Leo umeingia hapa, ukatoa joho jeusi la kuhitimu na kofia yake kwenye sanduku la chini, ukalivaa, ukasimama mbele ya pazia na kusema, "Mzee, nipige moja tu, ya Mathe. Si ashagonga msumari kwa ukuta?" Nikasema hapana, hata kama mama yako anaingoja. Ukadhani natania. Ukaiweka kofia upande, ukabinua midomo kama wale wa kwenye simu. Nikasema hapana mara ya pili, kwa ukali ambao hata mimi sikuutarajia, na uso wako ukabadilika.

"Kwani huamini nitamaliza?"

Nikanyamaza. Nilikuwa natafuta pa kuanzia. Wewe ukachukua kule kunyamaza kuwa ndilo jibu langu, ukavua joho, ukalitupa juu ya kaunta, ukatoka. Siwezi kukuacha uondoke na jibu hilo. Hebu nijaribu kukupa la kweli, na univumilie, maana ni refu.

Mambo ya kufunga chumba, kula mboga na kutompa mtu simu yako nayapita. Mama yako amekuhubiria hayo tangu wiki jana na ninajua kesho asubuhi ataanza upya.

Lile joho nililishonesha wewe ukiwa bado mdogo. Fundi aliyelishona alikuwa hapa sokoni, na kazi yake kubwa ilikuwa majoho ya kwaya. Alikuwa amebakiwa na kitambaa cheusi, akakikata, akaweka kola nyekundu kwa sababu nyekundu ndiyo ilikuwa imebaki pia. Hakuna chuo chochote duniani chenye joho la namna ile, na hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kuuliza. Nilililenga kwa wale waliomaliza vyuo huko mbali, wakarudisha majoho ya kukodi kabla wazazi hawajawaona nayo. Walikuja hapa na familia nzima, bibi kizee katikati amekaa kwenye kiti, na kila mtu akafurahi. Ilikuwa kazi safi.

Halafu siku moja akaja Mama Dennis, yule wa Nyacheki, jirani ya mjomba wako Nyakundi. Alikuja na mwanawe, kijana mwembamba mwenye sweta ya shule ambayo mikono yake ilikuwa imeshamwishia kwenye viwiko.

"Baba Akinyi," akasema, "huyu anaenda yunivasiti kesho. Mpige na ile nguo ya kumaliza."

"Mama, si hata hajaanza?"

"Ataanza, atamaliza. Miaka nne ni mingi. Mimi nataka nikiamka asubuhi naona mahali tunaenda, ndio nisichoke."

Nilicheka, lakini yale maneno yalinipendeza. Nilimpiga picha ya kujaribu mwangaza kwanza, akiwa na sweta yake, ameinamisha kichwa akicheka kwa aibu. Kisha nikamvalisha joho, nikamwambia asimame wima na asitabasamu, maana wasomi hawatabasamu. Picha ikatoka nzuri sana. Mama yake aliibeba nyumbani ikiwa imefungwa kwa leso, kama mtu anayebeba mtoto mchanga kutoka hospitali.

Haikupita wiki, mzazi mwingine aliiona ukutani kwa Mama Dennis, akaja na binti yake. Kisha wengine. Nikaipa jina, nikaliandika kwa chaki kwenye ubao wa nje: picha ya kutangulia. Kila mwaka vyuo vikikaribia kufunguliwa walikuwa wakipanga foleni mpaka kwa duka la dawa za mifugo. Tuliila hiyo kazi, nyara. Viatu vyako vya darasa la nne vilitoka humo, na ile meza ya kulia pia. Mwaka mmoja nikaenda Magwagwa, kule Nyamira, kupiga harusi, nikaikuta picha ya kutangulia sebuleni kwa wenyeji wangu: kijana mwingine, joho lingine, studio nyingine kabisa. Wazo langu lilikuwa limefika Nyamira kabla yangu. Nilikaa pale nikinywa soda yangu na kujiona mtu mkubwa.

Nilidhani nauza matumaini. Sikujua kuna mtu anatakiwa kuishi nayo hayo matumaini yakimtazama kila anapoingia nyumbani.

Miaka ilipita. Nilikuwa nimeenda Kisii mjini kununua karatasi za picha, nikakatiza pale wanapopakia ndizi kwenye malori. Kijana mmoja alipita mbele yangu na mkungu begani, akaniona, akaugeuza ule mkungu ili umfunike uso. Asingeugeuza nisingemtambua. Nikamwita.

"Dennis?"

Alisimama. Aliuweka mkungu chini taratibu, kama mtu anayetafuta muda.

"Habari ya siku mingi, Baba Akinyi."

"Mama yako anasema uko Nairobi, ofisini."

"Niliacha mwaka wa pili. Karo ilikwama kidogo, lakini siwezi kudanganya ni karo tu. Ile kozi yenyewe nilikuwa nasoma kwa sababu ndiyo niliitwa. Nikaanza kukosa madarasa, nikakosa mtihani, nikaogopa kusema."

"Lakini Dennis, nyumbani ni hapa tu. Gari moja tu."

Alijipangusa bega. Kisha akaniuliza swali ambalo sijalisahau.

"Ile picha bado iko?"

"Iko. Mama yako huipangusa vumbi kila Jumapili kabla ya kwenda kanisani."

"Basi nitaendaje? Nikiingia pale ndani tutakuwa wawili. Na yule wa ukutani ndiye wanamjua."

Nilimnunulia chai na mandazi, akala akiwa amesimama. Hakukasirika nami, na afadhali angekasirika. Aliniuliza habari za watu wa kwao mmoja mmoja, nani ameoa, ng'ombe gani amezaa, na nilipokuwa nikimjibu nilielewa kwamba kijana huyu amekuwa akiishi karibu na kwao muda wote huo, na hakuna kilichomzuia ila kitu ambacho mimi nilikiwekea fremu.

Kumwambia mama yake kulinichukua siku nyingi kuliko inavyofaa. Nilipoenda, nilimwambia nikiwa nimekaa chini ya ile picha yenyewe. Hakunitazama. Alikuwa akiitazama picha tu, mpaka nikamaliza, mpaka chai ikapoa. Siku ya soko iliyofuata akaja hapa studio na fremu imefungwa kwa leso ileile, akaiweka kaunta.

"Mtoe hii nguo."

"Mama, picha haivuliwi nguo."

"Wewe ndio ulimvalisha. Mtoe! Mimi nataka mtoto wangu, hata akuje na matope."

Nilitoka jasho, Akinyi. Nilifungua mafaili ya zamani, nikatafuta mpaka nikaipata ile ya kujaribu mwangaza, ya sweta, ile ambayo mteja haonyeshwi kwa sababu haijatengenezwa. Kijana ameinama, anacheka, sikio moja liko gizani. Nikamchapishia palepale. Aliishika mkononi, akaisogeza karibu na macho.

"Huyu," akasema. "Huyu ndiye nilizaa."

Akaitundika mahali pa ile nyingine. Mimi nikapeleka habari kule kwenye malori, na Dennis akarudi. Sitakudanganya kwamba mambo yalinyooka siku hiyo. Baba yake alikaa muda mrefu bila kumsalimia, na watu wa kijiji walikuwa na maneno. Lakini alirudi, na unamjua, ndiye anayetuletea maziwa. Wewe humwita Deno, na hujawahi kujua kwa nini kila akija mimi hutoka nje kupokea ule mtungi mwenyewe.

Wiki ileile nilifuta ubao, nikalisukuma joho ndani ya sanduku la chini. Wateja wakavuka barabara kwenda kwa mwenzangu, ambaye anayo mawili, la bluu na la kijani. Mama yako alinuna, kwa sababu sikumweleza vizuri. Kwa hiyo alipogonga msumari sebuleni mwezi uliopita, siku ulipopata barua ya kuitwa, sikuwa na uso wa kumwambia aung'oe.

Unaona sasa? Nilisema hapana kwa sababu nauogopa ule ukuta. Kumaliza kwako sikukuwaza hata kidogo.

Ningeweza kuishia hapo, ukanisamehe. Lakini kuna kingine, na ukikaa peke yako huko hosteli utakifikiria tu, kwa hiyo afadhali tukifikirie pamoja. Ni kile alichokiuliza mjomba wako Jumapili. Ulikuwa jikoni, lakini najua ulisikia, maana sufuria ziliacha kulia ghafla.

"Shemeji," Nyakundi aliniambia, "mnakodisha majani chai yote miaka nne, ati mtoto aende akasomee udongo? Udongo si huu hapa? Mpe jembe asome!"

Alicheka mwenyewe. Kisha akaacha kucheka.

"Mimi sitanii, Kerubo," akamwambia mama yako. "Watoto wa digrii wamejaa hapo soko wanauza kava za simu. Hata mtoto yangu ni mmoja wao. Nusu ya hizo pesa ingemfungulia mtoto duka la mbegu, na mngebaki na nusu ya majani yenu."

Mama yako alimmiminia kikombe kingine. "Nyakundi, kunywa chai," akasema, na kwa sauti ile ya kwake hakuna ndugu yake anayeendelea.

Mimi sikucheka wala kubishana, kwa sababu mjomba wako hajui ninachokijua mimi. Yeye anawaona wale wa kava za simu. Mimi nawaona wa paspoti. Mtu akimaliza chuo huja hapa kupiga picha ndogo za kubandika kwenye maombi ya kazi. Mwaka wa kwanza anakuja na tai mpya na anataka nyingi. Mwaka wa pili anakuja na tai ileile na anaomba nimpunguzie. Mwaka wa tatu anauliza kama ile ya zamani bado iko kwenye kompyuta, ili asipige nyingine, na mimi namwambia iko, ingawa naona uso umeshabadilika na hafanani nayo tena. Kisha siku moja anaacha kuja. Amepata kazi, au amechoka kuomba, sijui. Hawarudi kuniambia. Nyuso zao ziko humu ndani ya mashine, safu kwa safu, zote zimetazama mbele, na tangu ulipoitwa chuo nimekuwa nikizifungua na kuzitazama kila nikikosa mteja. Naogopa, Akinyi. Ni heri uijue hofu hii kutoka kwangu kuliko uidhanie kuwa ni hasira.

Tena kuna mmoja, yule dada anayeuza mitumba pale karibu na kanisa. Alisoma mpaka akamaliza, na hakupata kazi. Juzi alikuja kupiga picha za mtoto wake, nikashindwa kujizuia, nikamuuliza kama angejua angeenda.

Alimfunga mtoto kifungo cha shati. "Baba Akinyi, wakati mwingine nalia nikikumbuka ng'ombe baba yangu aliuza nisome. Lakini hakuna mtu ananiambia kitu siku hizi nikubali tu hivyo. Kwa chama, kwa hospitali, kwa mwalimu wa huyu mtoto, nauliza. Sijui hiyo ni bei gani."

Nami sijui ni bei gani. Nimelibeba hilo neno tangu juzi na sijui nilipime kwa nini. Mjomba wako anahesabu majani, na hesabu yake haina makosa. Mama yako hahesabu, na simwoni kama amekosea. Mimi niko katikati, na hapo katikati pana baridi.

Kuhusu majani chai. Najua ulimwona mama yako Jumanne akirudi na kikapu mgongoni, vidole vyeusi kwa utomvu, kwa sababu niliona ulivyogeuka upesi ukaenda kuchota maji ambayo hatukuyahitaji. Ndiyo. Yale mashina aliyoyanunua kwa pesa zake za chama cha akiba, akayapalilia tangu yakiwa mafupi kama kuku, sasa yamekodishwa kwa mtu mwingine, na mwenye kuyakodi humwita kibarua wakati wa mavuno mengi. Anachuma chai yake mwenyewe na kulipwa kwa kilo. Nilimwambia aache, ni aibu. Akaniambia, "Aibu ya nani? Yale mashina yananijua. Akichuma mtu mwingine atayavunja." Kisha akaenda kuosha mikono na kuanza ugali.

Sikuambii hayo ili uyabebe. Usiyageuze kuwa deni, maana utakaa darasani ukimwona mama yako kwenye kila ukurasa, na huwezi kuelewa kitu namna hiyo. Dennis alianguka hivyo. Alikuwa akibeba watu wote wa Nyacheki mgongoni kila akifungua kitabu. Mama yako aliweka sahihi akijua anachofanya. Miaka ikiisha majani yatarudi, ukiwa umemaliza au hujamaliza. Hayo ni makubaliano ya watu wazima wawili na yule mzee aliyekodi. Wewe humo hutajwi.

Sasa nikwambie jambo ambalo mama yako halijui.

Mimi pia niliwahi kuitwa. Chuo cha ualimu, kule kwetu ziwani. Baba alikuwa na uwezo wa mmoja, na kaka yangu mkubwa alikuwa ameitwa pia, akaenda yeye. Mjomba mmoja akanipa kamera ya zamani kama kunipoza, nikaja nayo huku kwa watu ambao sikuijua lugha yao, nikamkuta mama yako, tukakulea kwa Kiswahili kwa sababu hicho ndicho tulikuwa nacho sote wawili. Sijawahi kulalamika na sitaanza leo. Lakini siku fundi aliponiletea lile joho, nilifunga mlango, nikageuza kibao kama nilivyokigeuza sasa, nikalivaa. Nikaiweka kamera kwenye stendi ijipige yenyewe. Nikasimama wima. Sikutabasamu.

Sikuichapisha. Ipo humu pamoja na wale wa paspoti, na nikifa mtaikuta, kwa hiyo heri uisikie kutoka kwangu.

Basi ulipotokea leo umelivaa, kola nyekundu imekukaa vizuri kuliko mtu yeyote aliyewahi kuivaa, sikukuona wewe. Nilijiona mimi, kijana yule wa kamera ya stendi. Na nikashtuka, kwa sababu kwa mara ya kwanza nilijiuliza ni nani hasa anaenda chuo kesho. Labda tumekodisha majani ili mimi nipate ile picha yangu kwa uso wako. Ndiyo maana sauti yangu ilitoka vile. Ule ukali ulikuwa wangu mwenyewe, nami nikaumwagia wewe.

Je, huo udongo unaoenda kusomea ni wako? Sijui kuuliza vizuri. Nakumbuka ulivyokuwa ukijaza chupa za maji udongo wa kila shamba, wa kwetu, wa Nyacheki, wa kwa nyanya yako ziwani, ukazipanga dirishani na kuzitikisa uone ni upi unatulia kwanza. Mama yako alizitupa mara mbili na ukazijaza tena. Nadhani ni wako. Naomba uwe wako. Lakini ukifika huko ukakuta ni wangu, au ni wa mama yako, au ni wa ule msumari, usisome kwa ajili yetu huku ukizama. Tuambie. Piga simu siku ya kwanza ya kuogopa, usingoje ya mia, hofu ikikaa ndani huwa ngumu kutolewa. Tutasononeka, sitasema hatutasononeka. Mama yako atalia na mimi nitatoka nje nijifanye naangalia mabati. Kisha tutakaa chini.

Na kama ni kurudi, urudi mchana. Shukia pale stendi ya magari, watu wakiwa wengi, upite katikati ya soko na mzigo wako, uwasalimie wote. Wakikuuliza digrii iko wapi, waambie wamuulize baba yako. Mimi niko hapa kutwa, sina haraka.

Na ukimaliza, umalize kwa raha zako. Nitafunga studio nije huko kwenu na kamera, nikupige na joho la chuo chenyewe, lenye rangi zake halali, mpaka uchoke. Nataka hilo sana. Ningekuwa mwongo kusema silitaki. Ndiyo maana sithubutu kulitundika mapema.

Stima imerudi wakati naandika. Mashine imeanza kunguruma yenyewe, na kuna kitu nataka kukuonyesha.

Ulipotoka leo mvua ilikuwa imeshika, ukakimbilia kibarazani kwa duka la dawa za mifugo. Mimi nikachukua kamera. Sijui kwa nini. Watu wengine wakichanganyikiwa huomba, mimi mkono unaenda kwenye kamera. Nikakupiga kutoka dirishani, kupitia yale matone. Umevaa sweta ya mama yako, kamba ya kiatu imefunguka, mikono umeikunja kifuani, na umekasirika hasa, nyusi zimekutana. Nilidhani unatazama mvua. Sasa nimeikuza kwenye kompyuta, na huitazami mvua. Unautazama mlango wangu. Ulikuwa unangoja uone kama nitatoka.

Sikutoka. Nisamehe hilo. Nilikuwa nimeketi hapa natafuta kalamu.

Nimeichapisha, kubwa, na nimeiweka kwenye fremu ile nzuri ya dirishani ambayo wateja huiulizia bei na kuondoka. Jioni hii kabla hatujala nitaitundika kwenye msumari wa mama yako. Atapiga kelele kwamba hukuchana nywele, na kwamba kuna watu wataingia mle ndani waone mtoto wake amenuna. Nitamweleza yote, ya Dennis, na hata ya yule kijana wa kamera ya stendi. Barua hii nitaiweka ndani ya sanduku lako, juu ya blanketi, uisome ukifika.

Huyo wa kwenye picha hajamaliza kitu chochote, na hana ahadi aliyompa mtu. Amekasirikia baba yake na anangoja mlango ufunguliwe, basi. Ndiye tunayemjua. Kwa hiyo siku utakayoingia, na karatasi yao au na matope yao, hutamkuta mwingine amekaa mahali pako. Hapa kwetu utakuwa mmoja tu.

Sasa nafunga studio. Mvua bado inanyesha na naona hujaondoka pale kibarazani. Natoka.

Baba yako